Orioni: Kitalu cha Nyota na Majitu Yake



Katika Biblia yetu ya Kiswahili makundi mawili ya nyota yametajwa pamoja mara tatu, nayo ni Kilimia na Orioni. Mara mbili ni katika kitabu cha Ayubu, sura ya 9 na sura ya 38, na mara ya tatu ni katika kitabu cha Amosi, sura ya 5. Wengi wetu tumeyasikia majina hayo kanisani tangu utoto, lakini hatujawahi kutoka nje usiku kuyatafuta. Katika somo hili tutayatafuta. Tutaeleza mahali pa kutazama, kile ambacho macho yetu yanaona, na kile ambacho wataalamu wa nyota wamekigundua kwa darubini.

Zaidi ya yote tutajibu swali moja. Angani yako mawingu makubwa ya gesi na vumbi, yaitwayo nebula, ambamo nyota changa huzaliwa. Na mara nyingi sana, karibu na mawingu hayo, huonekana nyota kubwa mno ambazo ziko karibu kufa. Hospitalini watoto wachanga na watu walio katika siku zao za mwisho hawalazwi wodi moja. Kwa nini basi angani mambo yamekuwa hivyo?

Somo hili lafaa kusomwa nyumbani, au katika kikundi cha vijana, au katika darasa la kipaimara. Halihitaji chombo chochote ila usiku usio na mawingu wala mbalamwezi. Mwenye darubini ndogo ya macho mawili ataona zaidi.

1. MAHALI PA KUTAZAMA

Orioni ni nyota za msimu. Kwetu Afrika Mashariki huonekana jioni tangu Desemba hadi Aprili. Katikati ya Januari, kati ya saa nne na saa tano usiku, huwa karibu juu ya utosi. Katikati ya Februari hufika hapo kati ya saa mbili na saa tatu. Sababu yake ni kwamba mkanda wa Orioni uko karibu sana na mstari wa angani ulio juu ya Ikweta. Kwa hiyo huchomoza mashariki hasa na kutua magharibi hasa, na mtu aliyepotea njia usiku aweza kujua pande za dunia kwa kuutazama ukichomoza au ukitua.

Tafuta kwanza nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja, zenye mng'ao unaokaribiana. Huo ndio mkanda. Waarabu huliita kundi lote Jabari, maana yake mwenye nguvu, na jina hilo latumika pia katika Kiswahili. Nyota za mkanda zina majina ya Kiarabu: Alnitak, Alnilam na Mintaka. Ya kwanza na ya tatu yana maana ya mshipi. Alnilam, iliyo katikati, yatokana na neno lenye maana ya lulu zilizotungwa katika uzi, na asili yake ni moja na neno letu "nidhamu". Sisi tuliopanga watoto mistari miaka mingi mbele ya madarasa tumelipenda sana jina hilo.

Upande wa kaskazini wa mkanda utaona nyota nyekundu-nyekundu. Hiyo ni Betelgeuse. Upande wa kusini, mbali kiasi kile kile, iko nyeupe yenye rangi ya samawati. Hiyo ni Rigel. Haya ndiyo majitu mawili ya Orioni. Kisha tazama karibu zaidi na mkanda, upande huo huo wa kusini. Utaona nukta tatu hafifu katika mstari. Huo ni upanga wake. Nukta ya katikati haina ncha kama nyota. Yaonekana kama moshi, au kama kioo kilichopumuliwa. Kwa macho matupu ni hayo tu, lakini ndicho kitalu chenyewe.

Ukiufuata mstari wa mkanda kuelekea kusini-mashariki utafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ukiufuata upande wa pili, kaskazini-magharibi, utafika Aldebaran, nayo ni nyekundu-nyekundu, na mbele yake Kilimia, kundi dogo la nyota zilizosongamana. Jina la Kilimia latoka katika kulima, maana wazee wetu waliitazama ili kujua majira ya shamba. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

2. WINGU LILILO KATIKA UPANGA

Mfaransa Nicolas-Claude Fabri de Peiresc aliliona wingu hili kwa darubini mwaka 1610. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alilichora. Mwaka 1769 Mfaransa Charles Messier aliliandika katika orodha yake ya vitu vyenye ukungu angani, akalipa namba 42, na hata leo wataalamu huliita M42. Lakini wote hao hawakujua ni kitu gani. Wengine walidhani ni nyota nyingi mno zilizo mbali, kama mchanga unavyoonekana kuwa kitu kimoja ukiutazama kwa mbali.

Jibu lilipatikana kwa kuipasua nuru. Nuru ya jua ikipita katika kipande cha kioo chenye pembe tatu hutawanyika ikatoa rangi zote za upinde wa mvua. Gesi yenye kuwaka haitoi upinde mzima, bali mistari michache ya rangi fulani tu. Katika miaka ya 1860 Mwingereza William Huggins aliipasua hivyo nuru ya mawingu kadhaa ya angani, likiwamo hili la Orioni, akaona mistari. Basi ikajulikana ya kuwa ni gesi kweli. Tarehe 30 Septemba 1880 Mmarekani Henry Draper alipiga picha ya kwanza ya wingu hili.

Hapa tuseme neno juu ya umbali. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Nuru ya jua letu yatufikia kwa muda wa dakika 8 na kidogo. Umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima huitwa mwaka wa nuru. Wingu la Orioni liko mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 1,340, na upana wake ni kama miaka ya nuru 24. Kwa hiyo nuru unayoiona leo katika upanga iliondoka huko katika karne ya 7.

Msomaji asivunjike moyo akiona picha vitabuni zenye wekundu mwingi, kisha yeye mwenyewe aone ukungu wa kijivu tu. Gesi ya hidrojeni hutoa nuru nyekundu, na kamera hukusanya nuru hiyo kwa dakika nyingi. Jicho la mtu haliwezi kukusanya namna hiyo, na katika giza halitambui rangi vizuri.

3. JINSI NYOTA INAVYOZALIWA

Sehemu tunayoiona iking'aa ni kama shimo lililochimbwa katika ukuta wa wingu kubwa zaidi lenye giza. Wingu hilo kubwa limeenea karibu kundi zima la Orioni, upana wa mamia ya miaka ya nuru. Ndani yake mna baridi kali, kiasi cha nyuzi 260 chini ya sifuri. Na baridi hiyo ndiyo inayofaa, kwa maana gesi yenye joto hutawanyika, lakini gesi yenye baridi hukubali kukusanyika.

Kila kitu chenye uzito huvuta kingine. Mahali ambapo gesi imesongamana kidogo kuliko kwingine, mvutano huongezeka. Gesi nyingine huja, na mvutano huongezeka tena. Fundo hilo likijikaza, katikati hupata joto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata joto unapoikandamiza hewa. Joto likifika nyuzi milioni 10 hivi, hidrojeni huanza kuungana na kuwa heliamu, na kazi hiyo hutoa nguvu nyingi mno. Hapo nyota imezaliwa. Joto hulisukuma nje, uzito wake hulivuta ndani, na pande hizo mbili zikilingana nyota hutulia.

Katika kitalu cha Orioni mna nyota changa zaidi ya elfu mbili, nazo zina umri wa miaka milioni chache tu. Jua letu lina umri wa miaka milioni 4,600. Darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990, iliona kuzunguka nyota nyingi za humo visahani vya gesi na vumbi. Zaidi ya 150 vimehesabiwa. Katika visahani vya namna hiyo ndimo sayari hutengenezwa, na wataalamu wanaamini ya kuwa dunia yetu ilianza hivyo, ikizunguka jua lililokuwa changa. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, hupokea mionzi ya joto ipitayo katika vumbi, hivyo yaweza kuona ndani ya mawingu ambamo Hubble iliona giza tu.

4. KOROBOI NA KARABAI

Nyota hazizaliwi na uzito mmoja. Nyingi ni ndogo kuliko jua. Chache sana ni majitu. Katikati ya wingu la Orioni ziko nyota nne zilizokaa kama trapeza, na hata darubini ndogo huzitenganisha. Iliyo kubwa kati yao huitwa Theta-1 Orionis C. Uzito wake wapita wa jua mara 30 na zaidi, joto la uso wake ni kama nyuzi 39,000, na nguvu itoayo ni zaidi ya ile ya majua 100,000. Uso wa jua letu una nyuzi 5,500 hivi. Nyota hiyo moja ndiyo hasa inayoliangaza wingu zima.

Mtu angefikiri ya kuwa nyota kubwa, kwa kuwa ina akiba kubwa, itadumu zaidi. Sivyo. Wale waliotumia taa za mafuta watafahamu upesi. Koroboi lina mafuta kidogo, lakini utambi wake ni mdogo, nalo laweza kuwaka usiku kucha. Karabai lina tangi kubwa, na nuru yake yajaza ukumbi wa arusi, lakini kabla ya alfajiri litataka kujazwa tena. Nyota ndizo hizo. Uzito mkubwa hulikaza tumbo la nyota, tumbo hupata joto zaidi, na hidrojeni huteketea kwa haraka ya kutisha. Jua letu litadumu kiasi cha miaka milioni 10,000. Nyota yenye uzito wa majua 20 haifiki hata miaka milioni 15.

Sasa tupige hesabu, nayo ndiyo moyo wa somo letu. Tuseme nyota imeondoka mahali ilipozaliwa kwa mwendo wa kilomita 10 kwa sekunde. Mwendo huo ni sehemu moja ya 30,000 ya mwendo wa nuru. Basi kwenda mwaka mmoja wa nuru kutaichukua miaka 30,000. Katika miaka milioni 9 itakuwa imekwenda miaka ya nuru 300 tu. Lakini mawingu ya Orioni yameenea mamia ya miaka ya nuru! Yaani jitu lile litakufa likiwa bado jirani ya nyumba ya mama yake. Halikupata muda wa kwenda mbali.

Jua letu nalo lilizaliwa katika wingu, pamoja na ndugu zake. Lakini limekwisha kuizunguka galaksi yetu mara 20 hivi. Wingu lile halipo tena, na ndugu wametawanyika kila upande. Kwa hiyo nyota ndogo twazikuta kila mahali, lakini majitu ya namna hii twayakuta karibu na vitalu. Hapo ndipo mzee na mtoto mchanga wanapolala wodi moja, kwa sababu yule tunayemwita mzee ni kijana aliyemaliza mafuta yake mapema.

5. KUONEKANA KARIBU SI KUWA KARIBU

Hapa mwanafunzi awe mwangalifu. Anga yaonekana kama ukuta uliobandikwa nyota, lakini ina kina. Betelgeuse huwekwa na wapimaji wengi kati ya miaka ya nuru 550 na 700 kutoka kwetu. Rigel iko kama 860. Wingu liko 1,340. Basi haya majitu mawili hayamo ndani ya wingu. Yako mbele yake, kama minazi miwili iliyo uani inavyoweza kuonekana imesimama juu ya kilima cha mbali. Yalizaliwa mapema zaidi, nayo ni ya kizazi kilichotangulia. Lakini nyota za mkanda, pamoja na zile za upangani, ziko mbali zaidi, nazo ni za ukoo mmoja mkubwa uliozaliwa katika mawingu haya, kizazi baada ya kizazi. Karibu na Alnitak liko wingu jeusi lenye umbo la kichwa cha farasi. Aliyeligundua mwaka 1888, katika picha za chuo kikuu cha Harvard, ni Williamina Fleming, mwanamke wa Kiskoti aliyeanza kama mtumishi wa nyumbani wa mkuu wa kituo kile cha nyota.

Rangi za majitu hayo nazo zina somo. Mhunzi akitia chuma motoni, kwanza huwa chekundu, na joto likizidi huwa cheupe. Vivyo hivyo Betelgeuse iliyo nyekundu ina joto la uso la nyuzi 3,300 hivi, na Rigel kiasi cha 12,000. Lakini Betelgeuse imevimba mno. Mwaka 1920 Albert Michelson na Francis Pease, katika kituo cha Mount Wilson huko Marekani, waliupima upana wake, nayo ikawa nyota ya kwanza kupimwa hivyo baada ya jua. Kama ingewekwa mahali pa jua letu, ingemeza Utaridi, Zuhura, Dunia na hata Mirihi.

Aldebaran nayo ni nyekundu na imevimba, lakini isichanganywe na hizi. Uzito wake haupiti wa jua kwa mengi. Ni nyota ya kawaida iliyoishi miaka mingi sana, kisha ikavimba kwa uzee. Iko miaka ya nuru 65 tu, na karibu nayo hakuna kitalu. Kwa hiyo yako majitu ya kuzaliwa na yako majitu ya uzee.

Kilimia hutuonyesha hatua iliyo kati. Nyota zake zina umri wa miaka milioni 100 hivi. Wingu lililozizaa limekwisha kutoweka, na kama palikuwa na majitu yenye uzito wa Betelgeuse, yamekufa zamani. Zilizobaki ni nyota za samawati zenye uzito wa wastani, bado zikishikamana. Basi katika kipande kimoja cha anga tunaona madarasa matatu: wachanga wa upangani, ukoo wa mkanda, na Kilimia waliokwisha kuachwa na mama yao.

6. HOFU YA MWAKA 2020

Kuanzia Oktoba 2019 Betelgeuse ilianza kufifia. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza karibu theluthi mbili ya mng'ao wake, na mtu yeyote aliyezoea kuitazama aliona badiliko hilo kwa macho yake. Magazeti ya nchi nyingi yaliuliza kama iko tayari kulipuka. Habari hizo zilipofika mitaani zilikuwa zimeongezwa chumvi. Kijana mmoja wa kipaimara alitujia akiwa na wasiwasi. Alikuwa ameambiwa ya kuwa nyota ya Orioni inakufa na moto wake utatufikia kabla ya Pasaka. Baba yake alikuwa amesimamisha kazi ya kuezeka nyumba, na mabati yalikuwa yamelala uani. Faida gani kuezeka nyumba itakayoungua?

Hatukumcheka, maana hofu ya namna hiyo yaweza kuwapoteza watu wazima pia. Tulimpa mambo matatu. La kwanza, nyota hiyo iko mbali kiasi kwamba nuru tunayoiona iliondoka huko kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498. La pili, hata ikilipuka, kwa umbali huo haiwezi kutudhuru. Itang'aa mno, ionekane hata mchana kwa wiki nyingi, kisha ififie. Jambo la namna hiyo limewahi kutokea. Mwaka 1054 wataalamu wa China waliandika habari za nyota mpya iliyoonekana mchana kwa siku 23. Dunia haikuisha, na mabaki ya nyota ile yangali yanaonekana kwa darubini hata leo. La tatu tulimwambia asituamini sisi tu, bali aende na baba yake nje kila juma, wailinganishe Betelgeuse na Aldebaran, waandike ipi inang'aa zaidi.

Mwezi wa Februari waliandika Aldebaran. Mwishoni mwa Aprili, kati ya mvua na mvua, waliandika Betelgeuse. Nyumba ilikuwa imekwisha ezekwa.

Mwaka 2021 Miguel Montargès na wenzake, waliotumia darubini kubwa iliyoko Chile, walieleza sababu. Nyota ilikuwa imetoa pumzi kubwa ya gesi. Gesi ikapoa, ikawa vumbi, na vumbi likapita mbele ya uso wake kama pazia. Betelgeuse italipuka siku moja, lakini wengi wa wataalamu wanakisia ya kuwa yaweza kuchukua hata miaka 100,000.

7. KIFO CHENYE FAIDA

Jitu hufaje? Hidrojeni ikiisha tumboni, nyota huunguza heliamu ikapata kaboni na oksijeni. Kisha huunguza hizo, na kuendelea hivyo mpaka tumbo limekuwa chuma. Chuma hakitoi nguvu kwa kuunganishwa. Moto wazimika, uzito wabaki, na tumbo hubomoka kwa muda usiofika sekunde moja. Tabaka za nje hurushwa mbali kwa kishindo. Nyota inayolipuka hivyo huitwa supanova.

Kizazi chetu kilishuhudia jambo hilo. Mwezi wa Februari 1987 jitu moja la samawati lililipuka katika galaksi ndogo iliyo jirani yetu, kiasi cha miaka ya nuru 168,000, nalo lilionekana kwa macho matupu upande wa kusini. Mahali pake? Karibu na nebula iitwayo Tarantula, ambayo ni kitalu kikubwa cha nyota. Vyombo vilivyochimbiwa chini ya ardhi huko Japani na Marekani vilinasa chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zilizotoka katika tumbo la nyota ile likibomoka. Hivyo maelezo yaliyokuwa ya vitabuni yakapata ushahidi.

Lakini kufa huko si hasara tupu. Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walieleza kwa urefu jinsi nyota zinavyopika vitu vizito kutokana na vile vyepesi. Oksijeni tunayovuta, kwa sehemu kubwa, ilipikwa ndani ya majitu. Sehemu ya chuma kilicho katika damu yetu, na sehemu ya chokaa iliyo katika mifupa yetu, ni kazi yao pia. Kwa kuwa majitu hufia karibu na vitalu, majivu yao huangukia mawingu yale yale, na nyota zinazozaliwa baadaye huyarithi. Mkulima anayerudisha majani makavu shambani afahamu jambo hilo.

Uko ushahidi ya kuwa hata sisi tulipata urithi huo. Tarehe 8 Februari 1969 kimondo kilianguka Allende, nchi ya Meksiko. Miaka michache baadaye wachunguzi waliona ndani yake alama ya aina ya aluminiamu isiyodumu sana, ambayo ilikuwa bado hai wakati kimondo kile kilipotengenezwa, jua letu likiwa changa. Wataalamu wengi wanaona ya kuwa aluminiamu ile ilitoka katika nyota kubwa iliyokuwa jirani. Jua letu, lililo pweke leo, lilikuwa na jitu karibu yake utotoni.

Ayubu aliulizwa juu ya vifungo vya Orioni naye hakuwa na jibu. Sisi tumepewa kujua kidogo zaidi: nyota hizo si misumari iliyopigiliwa, bali zina kuzaliwa, na kazi, na mwisho. Kujua hivyo hakupunguzi heshima yetu kwa Muumba, na kwaondoa hofu isiyo na maana.

MASWALI YA KUJADILI

(a) Nyota yenye akiba kubwa zaidi hufa upesi zaidi. Eleza sababu kwa mfano wa koroboi na karabai, au kwa mfano wako mwenyewe.

(b) Nyota yatembea kilomita 20 kwa sekunde. Itakwenda miaka ya nuru mingapi katika miaka milioni 6? (Jibu ni 400. Onyesha njia.)

(c) Kwa nini Aldebaran haina kitalu karibu yake ingawa ni jitu?

(d) Mtu akikuambia ya kuwa ishara fulani ya angani yatangaza mwisho wa dunia juma lijalo, utamwuliza maswali gani kabla ya kuacha kazi yako?

KAZI YA NJE

Usiku usio na mwezi, kati ya Januari na Machi, zimeni taa zote za nje. Subirini robo saa mpaka macho yazoee giza, wala msiwashe tochi wala simu. Kila mmoja achore mkanda, upanga, Betelgeuse na Rigel, kisha aandike rangi ya kila moja kama aionavyo yeye, bila kuuliza mwenzake. Linganisheni michoro. Kisha mshindane: nani atahesabu nyota nyingi zaidi katika Kilimia kwa macho matupu? Wengi huona sita. Mara nyingi watoto huwashinda wazee.